Mbwa wetu alijifunza neno "salimia" vibaya, na aliyemfundisha ni mimi

Wakuu, salamu kwenu wote. Na hilo neno salamu nimeliandika kwa tahadhari kubwa, mtaelewa mbele.

Haya yametokea nyumbani kwangu hapa Mbeya, mwaka huu. Sijaongeza chumvi. Habari ya chumvi nayo ina sehemu yake, nitaifikia.

Nianze kwa kujitambulisha. Ni mwanaume wa makamo, Mnyakyusa wa Tukuyu, nimeoa Mhehe wa Kihesa, Iringa. Kazi yangu ni kukagua mizigo inayoingia na kutoka ghalani, kwa hiyo daftari na kalamu haviniishi mfukoni. Mke wangu anasema hata mkono wa buriani nitaupiga tiki.

Mwanzoni mwa mwaka kazi ilinihamisha kutoka Iringa kuja Mbeya. Mimi na mama Neema tulizoea haraka. Aliyeshindwa ni Neema, binti yetu wa miaka tisa.

Kihesa aliacha marafiki mtaa mzima. Huku alikuwa akitoka shule anakaa kwenye ngazi ya mlango na sweta lake, anaangalia geti.

Namuuliza, "Watoto wapo nje?"

"Wapo."

"Umecheza nao?"

"Hawajaniita."

Miezi minne, wakuu. Jibu hilohilo.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda Kihesa kwa baba mkwe. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suruali yenye mkunjo ulionyooka hata akiwa bustanini. Mbwa wake alikuwa amezaa. Akamwita Neema, akampa mmoja, jike, rangi ya kahawia na kifua cheupe.

Halafu akanigeukia mimi. "Mkwe, mbwa huyu ametoka mkononi mwangu. Akiwa na adabu, adabu ni yangu. Akikosa, nimekosa mimi."

Nikasema ndiyo baba. Ningesema nini kingine?

Njiani tulisimama Nyololo kununua viazi. Mama muuza viazi akachungulia ndani ya boksi, akapiga kofi. "Jamani! Mbwa anatoka Iringa na roho yake!"

Mama Neema, Mhehe wa damu, akamjibu, "Tumemwacha anenepe kwanza."

Walicheka wote wawili, Wahehe kwa Wahehe, kwa ule utani wa zamani kwamba Iringa wanakula mbwa. Neema hakucheka. Alilikumbatia lile boksi mpaka tukapita Makambako.

Akamwita Bisi, kwa sababu alikuwa anaruka kama bisi kwenye sufuria. Wiki haikuisha, nikasikia geti linagongwa. Watoto watatu. "Shikamoo. Tunaomba kumwona Bisi."

Baada ya hapo Neema hakukaa tena kwenye ngazi. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Anapanga foleni, nani ambebe kwanza, nani ampe maji.

Shikeni hapo, maana ndipo uzito wa habari yote ulipo.

Sasa tatizo.

Jioni moja jumuiya ilisali kwetu. Tumefika sala ya kufunga, watu wamefumba macho. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, nikafumbua jicho moja.

Bisi alikuwa ameukumbatia mguu wa mzee kiongozi wa jumuiya kwa miguu yake ya mbele, na anafanya ile kazi ambayo madume hufanya. Kwa bidii. Na ni jike, wakuu, nimeshawaambia.

Mzee ndiye aliyekuwa anasali. Sauti ikaanza kuyumba. "Utuepushe na... na... utuepushe na majaribu, Bwana, ya kila namna..."

Amina ilikuja haraka. Macho yakafumbuka.

Mama yangu mzazi alikuwepo, alikuja kutoka Tukuyu kutibiwa goti. Mke wangu yupo. Neema yupo. Lile jambo lina jina lake kwa Kiswahili na mnalijua, lakini kuna watu ambao mbele yao huwezi kulitamka.

Nikafungua mdomo, likatoka hili, "Anakusalimia, mzee."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mzee mwenyewe akajifuta jasho, akasema, "Basi salamu zimefika."

Nilijiona mjanja sana siku ile.

Tangu hapo likawa neno la nyumbani. Bisi akishika mto wa kochi, "anasalimia". Akishika gunia la mkaa, "kalisalimia gunia". Watoto wa mtaani wakalidaka, wakawa wanapiga kelele kwa furaha, "Bisi kamsalimia mwalimu!" Aibu ikapata nguo nzuri ya kuvaa, tukatulia.

Ila Bisi hakutulia. Alipofika miezi minne ilikuwa kila siku, na wageni ndio hasa.

Aliyeteseka zaidi ni Salimu, dereva wa bajaji anayempeleka Neema shule. Mtu mzima, mpole, baba wa watoto wawili. Asubuhi moja akaniita pembeni.

"Baba Neema, mbwa wako ana nini na mimi? Nimebadilisha suruali. Nimebadilisha sabuni. Hata mke wangu hanipokei hivi."

Nikamwomba radhi.

Katika wageni wetu yupo pia Masanja, mfugaji wa bonde la Usangu, ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Hutuletea mchele kila akija mjini. Alipoona vituko vile akatikisa kichwa. "Nipeni mimi. Kwetu mbwa anaamka na ng'ombe, analala na ng'ombe. Atapata wapi muda wa miguu ya watu?"

Tulicheka tukadhani yameisha. Halafu baba mkwe akapiga simu kwamba baada ya wiki tatu anakuja kuona tunapoishi. Swali la pili baada ya hali zetu lilikuwa, "Na Bisi, ana adabu?"

Mke wangu aliweka simu chini, akanitazama.

"Baba yangu atasimama pale sebuleni na suruali yake iliyopigwa pasi. Bisi amshike mguu. Halafu wewe mkwe wake utamwambia nini? Kwamba anamsalimia?"

Nikautazama mto wa kochi. Akaendelea.

"Masanja anakuja wiki hiyohiyo. Bisi akimfanyia mtu yeyote kitendo kile siku baba yupo hapa, Masanja asiondoke na kamba tupu. Nimemaliza."

Msimwone mama Neema mkatili. Alimpenda yule mbwa kuliko mimi. Lakini mbele ya baba yake bado alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu.

Neema alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu. "Baba, Usangu ni mbali kuliko Kihesa?"

Wakuu, niliona zile ngazi za mlango.

Kesho yake nikampeleka Bisi kwa daktari wa mifugo. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka. Yule dada akanisikiliza, akatabasamu. "Kaka, sema tu anapanda miguu ya watu. Mimi si mkwe wako."

Akaniambia mambo ambayo wengi hatuyajui. Kwamba katika umri ule si tamaa, ni msisimko. Mbwa mdogo akizidiwa na furaha, wageni, kelele au uchovu, mwili unatafuta pa kuutolea msisimko huo. Madume hufanya, majike hufanya. Ukimpiga anaogopa bila kujua kosa. Ukicheka au kupiga kelele, kwake ni makofi ya kumshangilia.

"Mbwa hana habari ya aibu," akasema. "Aibu ni yenu. Angalieni nini kinamwasha, na mpeni kazi nyingine ya kufanya wakati huohuo."

Angalieni nini kinamwasha. Hiyo ni kazi ninayoiweza.

Nilifungua ukurasa mpya kwenye daftari, safu tatu. Saa ngapi. Mguu wa nani. Nini kilitangulia. Kila aliye nyumbani aliapa kuniletea ripoti, na mama yangu, ambaye goti lilimweka kitini siku nzima, akawa mwandishi wangu mkuu.

Siku ya sita nikakaa kusoma. Nilitegemea kukuta saa fulani, au rangi ya nguo, au harufu. Hakuna. Lakini safu ya tatu ilikuwa hivi:

"Neema kasema Salimu amefika."

"Jirani kamwambia mwanae msalimie bibi."

"Mama Neema kwenye simu: nisalimie watoto."

"Salimu kapiga honi, bibi kaita Salimu ingia."

Niliisoma mara mbili. Mwili ukanisisimka kama niliyeona boksi moja limepungua ghalani.

Nikafanya jaribio. Bisi alikuwa amelala juani. Nikamwomba mama amsalimu mke wangu kwa Kinyakyusa. "Ugonile." Bisi hata sikio halikutikisika. Mke wangu akajibu kwa Kihehe, "Kamwene." Bado amelala. "Shikamoo." Amelala. "Karibu." Akafumbua jicho, akafumba.

Nikasema polepole, bila hata kumtazama, "Salimia."

Bisi aliruka kama aliyechomwa sindano na akanikamata mguu.

Wakuu, hakuwa na tabia mbaya. Alikuwa mtiifu! Kila alipofanya kile kitendo sisi tulisema "anasalimia" na nyumba nzima ikafurahi. Akajumlisha mwenyewe. Salimia ni kushika mguu. Na maskini Salimu alizaliwa na jina linalofanana na amri.

Siku hiyo nilimwita Salimu nikamwelewesha. Akasema, "Yaani tatizo ni mama yangu mzazi aliyenipa jina."

Dawa niliyoifikiria kwanza ilikuwa rahisi. Tuliache lile neno. Nikatangaza marufuku.

Jaribuni siku moja kuishi Mbeya bila kusema salimia, wakuu. Kila anayepita anasalimiwa. Kila simu inaisha na salamu za kupelekewa mtu. Tulianza kusema "mpe habari bibi" na "nipelekee neno kwa watoto". Salimu tukampa jina la Dereva. Mke wangu alijisahau mara tatu kabla ya saa sita mchana, na kila mara mguu ulilipa.

Aliyekuwa hodari ni mama. Hakukosea hata mara moja. Nikamuuliza anawezaje.

Akacheka. "Mwanangu, mimi nimeolewa kwa Wanyakyusa wa zamani. Jina la baba mkwe hulitamki, na neno lolote linalofanana na jina lake hulitamki. La babu yako lilifanana na neno la chumvi. Kwa hiyo mimi nikawa nasema 'kile cha kwenye mboga'. Mpaka Kiswahili chake sikitamki, mdomo umeshakataa."

Nilikaa chini. Utoto wangu wote mama alikuwa akinituma dukani, "kalete kile cha kwenye mboga," na mimi nilidhani ni mtindo wake tu wa kuongea. Siku ile ndiyo kwanza nilimsikia akilitamka, na alilitamka kwa kunong'ona.

"Basi sisi tutaweza," nikasema. "Kama wewe umeweza miaka arobaini."

"Hamtaweza. Na mimi nikwambie kitu. Miaka arobaini yote, kila nikisogelea chungu nalifikiria lile neno. Neno ukilikwepa, linakaa mlangoni linakusubiri. Na baba mkwe wako hajui marufuku yenu, atakuja kulisema tu. Lipeni kazi nyingine."

Lipeni kazi nyingine. Daktari alisema mpeni mbwa, mama akasema lipeni neno. Nikajua hapo ndipo.

Tulikuwa na siku kumi na moja.

Neema ndiye aliyefundisha. Anashika kipande cha dagaa juu ya pua ya Bisi, Bisi anainua kichwa, makalio yanashuka yenyewe, anakaa. Hapohapo Neema anasema "salimia" na kumpa. Kisha akamfundisha kuinua mguu mmoja wa mbele na kumpa mtu mkono.

Akikosea na kushika mguu, hakuna kicheko, hakuna kelele. Anayeshikwa anageuka na kusimama kama mti. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Salimu alijitolea kuwa mguu wa mazoezi, akawa anasimama uani anatazama mlima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Siku tatu za kwanza daftari lilikuwa baya. Ya nne Bisi alisita. Ya saba alikaa mara nyingi kuliko alivyopanda. Ya kumi alikosea mara moja, tena wageni walikuwa wengi na hakuwa amelala mchana. Nikaandika pembeni: apumzike kabla ya wageni.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi Neema alimkimbiza Bisi uwanjani mpaka ulimi ukatoka, kisha akamlaza. Masanja alifika mapema na mchele wake, akakaa barazani. Kamba ilikuwa mfukoni, ncha inaonekana. Neema alikuwa anaiangalia ile ncha.

Bajaji iliyokwenda kumchukua baba mkwe stendi ikapiga honi. Mtoto wa jirani, asiyejua lolote, akapaza sauti, "Salimu kafika!"

Bisi alitoka kama risasi. Salimu akageuka akawa mti. Bisi akainua miguu ya mbele, ikagusa suruali...

"Bisi," Neema akasema. Bila kupiga kelele.

Miguu ikashuka. Akakaa. Mke wangu akashusha pumzi iliyosikika mpaka getini, kisha akajifunga kibwebwe kama hakuna kilichotokea.

Baba mkwe akashuka, mkunjo wa suruali umenyooka vilevile baada ya safari nzima. Neema akachuchumaa. "Kamwene, babu." Mke wangu akachuchumaa. Mama akasalimiana naye kwa heshima zote za wakwe. Mimi nikampokea mkoba.

Mzee akaingia sebuleni na kusimama katikati, palepale mke wangu alipopasema. Akamtazama Bisi kwa juu ya miwani, kama mwanafunzi aliyechelewa mstari.

"Na wewe," akasema, "mbona hunisalimii?"

Mama Neema alifumba macho. Masanja mlangoni akaacha kutafuna. Mimi nilianza kutafuta kichwani neno jipya la uongo, na sikulipata.

Bisi akamsogelea. Akaunusa mguu wa kulia. Akaunusa wa kushoto. Akautazama ule mkunjo, naapa aliutazama. Kisha akakaa chini mbele ya viatu vyake na kuinua mkono.

Mzee hakucheka. Aliinama taratibu, akaupokea ule mkono, akasema kwa sauti ya darasani, "Marahaba."

Neema alipiga yowe la furaha, daktari anisamehe. Mke wangu akakimbilia jikoni kwa kisingizio cha wali.

Masanja akaisukuma kamba ndani ya mfuko. "Haya. Narudi na kamba yangu. Akizaa mnikumbuke."

Baba mkwe akanigeukia. "Mkwe, mbwa ana adabu."

"Ni yako, baba," nikasema. Na mpaka leo hajui kitu. Kama kuna mtu wa Kihesa humu anamfahamu, naomba anitunzie siri.

Mchana tukakaa kula. Mzee akaonja maharage, akaonja tena, akatafuta mezani kwa macho. Alikuwa mpole mno kusema.

Mama ndiye aliyeona. "Neema, mjukuu wangu," akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "mpe babu yako chumvi."

Tonge liliniishia mkononi. Nilimtazama mama. Yeye alikuwa anajimiminia mchuzi.

Wakuu, nilichojifunza. Kabla hujamhukumu mbwa mdogo, au mtoto, andika nini kilitangulia. Mara nyingi utakuta mwandiko wako mwenyewe. Usimpige, usimcheke, mpe cha kufanya badala yake, na umlaze kabla ya wageni. Akiendelea sana hata akiwa peke yake, au akijilamba muda wote, mpeleke kwa daktari, huenda anaumwa.

Na lile jambo la aibu nyumbani kwenu, msikimbilie kulipa jina zuri. Jina zuri nalo linasikilizwa.

Bisi sasa ana miezi saba. Neema hakai tena kwenye ngazi. Salimu akifika asubuhi anapewa mkono, naye anaitikia marahaba kwa sauti ya mzee wa kanisa.

Nyie wenzangu mnaofuga, kwenu mnakiitaje kitendo kile mbele ya wakwe? Wekeni hapa maneno yenu. Nipo nasoma, daftari liko wazi.